Upepo wa Makambako ukitulia umeme tunautoa wapi?

SWALI: Shkamoo kaka. Mi nachomelea mageti hapa Makambako, na upepo wa huku unaujua, bati zinang'oka. Sasa kwa nini wasifunge mitambo ya upepo, umeme wakajaza kwenye mabetri makubwa, jioni ukipungua tukatumia huo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kamwene. Mabetri hayo yapo kweli, ya lithiamu, Australia walifunga ya Hornsdale mwaka 2017, megawati 100, na uzuri wake ni spidi, gridi ikiyumba yenyewe inaingia hata sekunde haijaisha. Tatizo muda, mengi ukiyakamua kwa nguvu yote yanakwisha saa moja mpaka nne hivi, halafu yanachakaa kama la simu yako.

Ndo maana duniani mzigo mkubwa wa kuhifadhi umeme umebebwa na maji. Bwawa juu, bwawa chini, umeme ukizidi unapampu kupandisha, ukihitajika unayaachia yashuke kwenye tabaini, ile mashine inayozungushwa na maji kufua umeme. Afrika Kusini wana Ingula, megawati 1,332. Ukiweka uniti 10 zinarudi 7 mpaka 8, wakati betri inarudisha karibu 9. Ila hebu piga hesabu, simtanki la lita 1,000 likishuka mita 400 linakupa uniti moja tu ya LUKU. Moja! Kwa hiyo unataka bwawa kweli kweli na mlima kweli kweli, na milima tunayo, pale Kihansi maji yanaporomoka zaidi ya mita 800, simtanki lile lile linatoa uniti mbili.

Lakini mimi naona hata kupampu tusianzie huko, maana bwawa la umeme la Mtera lipo tayari. Upepo ukivuma huko kwenu unabana maji Mtera, ukitulia unafungulia, yanapita kwenye mashine za Mtera zenyewe, megawati 80, yanashuka na Ruaha mpaka Kidatu, megawati 204, yaani tone lile lile linafanya kazi mara mbili. Na maji ya masika unaweza kuyavusha mpaka Oktoba, hiyo betri haiwezi kabisa. Mwaka wa ukame ndo utaona faida, kila saa ya upepo ni maji yamebaki bwawani.

Betri ningeiweka karibu na nyie, kwenye kituo cha kupozea umeme, kwa zile dakika laini inapoyumba na elektrodi inagandia kwenye chuma.