Mteja mmoja akibeba kiwanda, hisa zake ni za bei gani?

Swali: Nimepata nafasi ya kununua asilimia 30 ya kiwanda cha vifungashio hapa Dar es Salaam. Asilimia 60 ya mauzo huenda kwa mteja mmoja, ambaye wamefanya naye kazi miaka tisa. Mwenye kiwanda anasema uhusiano huo unapandisha bei. Ni kweli?

Jibu: Miaka tisa si haba, ndugu yangu, lakini uliza kwanza uhusiano ni wa kiwanda au ni wa mtu binafsi. Niliwahi kukagua vitabu vya kampuni ya usafirishaji iliyojivunia mteja wa aina hiyo. Nilipoomba mkataba nikaletewa faili la LPO, yaani hati za oda za manunuzi, za mwezi mmoja mmoja, zote zimesainiwa na meneja manunuzi yuleyule wa mteja. Alipohama, LPO zikakoma.

Sasa hesabu. Tuseme mauzo ya mwaka ni sh milioni 1,000. Malighafi na gharama nyingine zinazofuata mauzo ni 600. Pango, mishahara na mengine yasiyobadilika ni 300. Faida 100. Mteja huyo akiondoka, mauzo yanabaki 400 na gharama za malighafi zinashuka hadi 240, ila zile 300 ziko palepale. Hapo una hasara ya milioni 140! Kwa hiyo anayechukua faida ya 100, akazidisha kwa tano na kukutajia bei, hajakuuzia kiwanda. Amekuuzia matumaini kwamba mteja atabaki.

Soko la hisa linalijua hili. Aprili 2017, Imagination Technologies, kampuni ya Uingereza ya kubuni teknolojia ya chipu, ilitangaza kwamba Apple, iliyoipa karibu nusu ya mapato yake, itaacha kutumia teknolojia yake. Hisa zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani siku hiyohiyo, ingawa fedha za Apple zilikuwa bado zinaingia.

Angalia pia upande wa wasambazaji. Wakimpa mwenye kiwanda malighafi kwa mali kauli, hiyo ni thamani halisi, maana mtaji wake unapumua. Wakitaka taslimu huku mteja mkubwa analipa baada ya siku 90, kila oda mpya inamkausha.

Omba mkataba wa maandishi, usome muda uliobaki na masharti ya kuuvunja. Kisha gawa malipo: sehemu sasa, sehemu mkataba ukihuishwa. Akikataa, ilhali yeye ndiye anayesema mteja haondoki, piga bei upya bila mteja huyo.