Shoka lililofungiwa ofisini

Mbukwenyi, nawasalimu kwa Kigogo. Wiki hii mmeuliza: wanaotunza msitu wa kijiji walipwe posho au wajitolee? Nilidhani nitajibu kwa mstari mmoja: wajitolee, kwa sababu posho ikishazoeleka, siku isipokuwepo hata panga halinolewi. Ila kwetu huku, kando ya barabara iendayo Mtera, neno "kujitolea" lina mambo yake. Balozi wa nyumba kumi anapita jioni kutangaza msaragambo wa Jumamosi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, asiyefika faini shilingi 5,000. Kisha kwenye taarifa tunaandika kwamba wananchi wamejitolea.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya maliasili. Msitu wetu mgeni atauita vichaka: migunga, mitundulu, mibuyu michache kilimani. Kwa mvua za karibu milimita 570 kwa mwaka, tena msimu mmoja tu, mche wa kitalu unataka mtu wa kuubebea maji kama mtoto. Ndiyo maana njia ya kisiki hai tuliipenda mara tulipofundishwa. Hupandi kitu. Mti uliokatwa zamani mizizi yake bado i hai. Unatafuta kisiki kilichochipua, unaacha machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine unayapunguza, unafunga kitambaa ijulikane kwamba huu unatunzwa, halafu unaulinda. Kupunguza ni kazi ya asubuhi moja. Kulinda ni miaka.

Sasa, Jumanne moja ya mwezi wa kumi nilikuwa zamu ya doria na kijana wa mgambo. Tukakutana na mama mmoja akishuka na mzigo wa kuni kichwani, shoka limechomekwa katikati. Kwenye kuni zile nikaona utepe wa njano. Kanga yangu! Niliichana mwenyewe kwenye msaragambo wa Jumamosi iliyotangulia, nikaufunga utepe ule kwa mkono wangu.

"Shikamoo Mwalimu," akasema, mzigo bado kichwani. Sikuitika. Nimefundisha watoto wa kijiji hiki salamu miaka na miaka, na siku ile sikuitika. Kijana akachomoa shoka. Mama akautua mzigo taratibu, akakunjua ngata, akaketi juu ya kuni zake.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ndiyo faini yenu."

Hesabu yake ilikuwa hivi. Jumamosi alikuwa zahanati na mjukuu mwenye homa. Kadi ya kliniki aliionyesha, akaambiwa kadi si udhuru. Mzigo mmoja wa kuni wapika pombe wanaununua 2,000. Mizigo mitatu ni 6,000: faini inatoka, inabaki buku ya chumvi na sabuni. Na matawi tuliyopunguza Jumamosi, ambayo yangemtosha kabisa, tulikuwa tumegawana sisi tuliofika, ndivyo utaratibu wetu ulivyo. Kuni kavu za karibu zimekwisha. Yakabaki machipukizi tuliyoyafunga vitambaa.

Niseme nini? Nilisema sheria ni sheria. Shoka likapelekwa ofisi ya kijiji kama kielelezo.

Jumamosi iliyofuata mama yule alikuwa wa kwanza kufika. Alisimama chini ya mbuyu, mikono mitupu, wenzake wote wana mapanga na mashoka. Akanifuata kwa adabu zote: "Mwalimu, nikate na nini?" Watu walicheka. Mimi nilijifanya natafuta miwani.

Kabla ya mkutano wa kijiji nilikuwa nimeshaamua kusema faini ifutwe. Halafu nikamkumbuka marehemu baba mkwe, mtu wa Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lile lililomomonyoka. Aliswaga ng'ombe wake kwa miguu, na hadi anakufa hakuwasamehe. Lakini majani yalirudi na miti ikarudi, hata yeye alikiri, kwa shingo upande. Nani angejitolea kutoa ng'ombe wake?

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ulipoulizwa, nilinyoosha mkono faini ibaki. Ndiyo, mimi huyu huyu. Ila kadi ya kliniki iwe udhuru. Asiye na hela alipe kwa siku ya kazi. Matawi wagawiwe pia wajane na wanaouguza, hata kama hawakufika. Na wanaolala kilimani msimu wa moto wapewe chochote kutoka kwenye hizo faini. Najua hiyo ni posho, na nimeanza kwa kuikataa. Iiteni mnavyotaka, mimi kilimani usiku siendi. Kadi ilikubaliwa. Mengine tumeambiwa yatajadiliwa.

Shoka alirudishiwa mwezi wa tatu, mpini umeliwa na mchwa. Mpini mpya nilimnunulia mimi, na hilo kamati haijui.