Sumaku kichwani kwa maumivu sugu: uliza haya kabla hujalipa

Maumivu yangu ni ya neva, mkono wa kulia, yale ya kuungua na kupigwa shoti, na dawa zilikuwa zinanilaza tu. Nilifanya tiba ya sumaku ya ubongo, TMS, na watu wananiuliza sana inboksi kama inafaa, so naandika hapa mara moja.

Sio ile ya kupitishiwa umeme kichwani ukiwa umelazwa usingizi jamani. Unakaa kwenye kiti macho kabisa, unaziba masikio maana inagonga kwa kelele, wanakuwekea kichwani koili (waya uliozungushwa) yenye umbo la namba 8 na mapigo yake ya sumaku yanapita fuvu bila kukata kitu yanaamsha seli za ubongo. Na sio kitu cha jana, wanasayansi kina Anthony Barker waliionyesha Sheffield, Uingereza, mwaka 1985.

Sasa swali la kwanza kabisa: koili mnaiweka wapi? Hapa ndo wengi wanapigwa. Marekani iliiruhusu 2008 kwa ajili ya sonona, kwa hiyo sehemu nyingi wamezoea kulenga mbele ya kichwa, wakati kwa maumivu ya neva ushahidi mzuri uko kwenye eneo la ubongo linaloendesha misuli, upande wa pili wa maumivu (mi kulia, koili kushoto), mapigo ya haraka, mara nyingi 10 kwa sekunde. Wanalitafuta mpaka kidole gumba kiruke chenyewe, inachekesha kidogo mara ya kwanza. Mtu akikwambia yake inatibu kila maumivu, mgongo, magoti, kila kitu, mi ningeondoka.

Sema ukweli wote kuhusu mwili wako: kifafa, chuma chochote kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, pesmeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo), na dawa zote, tramado ya maumivu ikiwemo, coz degedege hutokea mara chache sana lakini hutokea. Kichwa kuuma baadaye ni kawaida. Dawa zako usiziache ghafla kisa umeanza sumaku.

Alafu usisubiri maumivu yafike sifuri. Yangu yalipungua, hayakuisha, nilichokiona mapema ni usingizi na kufunga vifungo vya shati, ndo maana nasema andika kila siku umelala vipi na umeweza nini, sio namba ya maumivu peke yake. Na nafuu huwa inafifia ukiacha, kwa hiyo mipango ya kurudia, na gharama yake, iulize siku ile ile ya kwanza.