Korongo domo-njano: mtazame mguu kwanza

Ukimwona ndege mrefu mweupe kwenye majaruba ya mpunga, usikimbilie rangi. Yangeyange ni mweupe, domomwiko ni mweupe, korongo anayetoka Ulaya naye mweupe, na jua la saa sita likiwaka huwezi kumjua huyu na yule. Mimi nimezoea kuzunguka bonde la Kilombero, na nikipata nafasi nafika Manyara. Mtu akiniuliza atamtambuaje korongo domo-njano, namwambia aweke darubini chini kwanza, atafute kivuli, amwangalie ndege anavyovua.

Ataingia kwenye maji ya kina kifupi, mara nyingi maji machafu ya tope ambamo hata kidole chako huwezi kukiona. Anainama, anatumbukiza mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha anauacha humohumo. Halafu mguu mmoja unaanza kazi: anaupeleka mbele na kuvuruga tope nao, kama mtu anayekoroga uji. Samaki mdogo au chura akishtuka na kugusa mdomo ule, umeshafumba. Kichwa kinainuka, na kitoweo kinamezwa kizima. Macho hayahusiki sana hapo, anavua kwa kuhisi. Binamu yake wa Amerika, anayefahamika kwa jina la kisayansi *Mycteria americana*, alipimwa na watafiti miaka ya 1960 wakakuta mdomo wake unafumba kwa sehemu 25 tu za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Wewe ukipepesa jicho, yeye keshameza.

Kwa mwendo huo peke yake umeshawaondoa wengi. Yangeyange hutegemea macho, anavizia kisha anachoma. Domomwiko anatembea huku akifagia maji kushoto na kulia.

Sasa chukua darubini. Korongo domo-njano ana kimo cha karibu mita moja. Mdomo wake ni wa njano, mnene kwenye shina, nao umepinda chini kidogo kuelekea ncha. Uso ni mwekundu na hauna manyoya. Lakini alama ninayoiamini kuliko zote ni mkia: ni mweusi. Korongo wa Ulaya, anayetutembelea takriban Novemba hadi Machi, ana mkia mweupe na mdomo mwekundu ulionyooka, tena yeye hupenda zaidi nyika kavu zenye panzi na nzige. Wakiruka, korongo wote hawa hunyoosha shingo, ilhali yangeyange huikunja. Marabu sina haja ya kumweleza, kila mwenye jalala mjini kwake anamjua.

Wakati wa kuzaliana mgongo na mabawa ya domo-njano hupata wekundu hafifu, na hapo ndipo watu hunitumia picha wakisema wameona heroe, yaani flamingo. Tazama mdomo: wa heroe umepinda katikati kama uliovunjika. Makinda wakubwa ndio wanaosumbua kweli. Ni wa kijivu-kahawia, uso haujakolea rangi, na ukimkuta mmoja peke yake ni bora usubiri umwone akivua. Miguu nayo isikuchanganye ikionekana myeupe badala ya wekundu wake wa kawaida, kwa sababu korongo huinyea wakati wa joto, na unyevu ule ukikauka unampoza.

Ukishaelewa kwamba anavua kwa kuhisi, utajua pia pa kumtafuta. Maji yakiwa mengi samaki wametawanyika, na mdomo uliozama utasubiri sana. Maji yakipungua, samaki wanabanana kwenye madimbwi, na hapo ndipo kila kuvuruga tope kunalipa. Ndiyo maana korongo hawa huelekea kutaga mvua zinapokaribia kwisha au kiangazi kinapoingia, ili makinda wapate chakula tele. Kwa hiyo nenda baada ya masika, ulizia wavuvi wa kambale dimbwi gani linakauka, na wahi asubuhi. Penye kiboko au mamba anayetibua maji, mara nyingine utamkuta korongo nyuma yake akiokota (wewe kaa mbali).

Haya ya maji ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko bunduki au mitego. Kule Florida, mifereji ilivuruga kupanda na kushuka kwa maji kwenye mbuga za Everglades, na yule binamu akashindwa kulea vizuri. Mwaka 1984 Marekani ilimweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na ni 2014 tu ndipo aliposhushwa ngazi moja. Kilombero ni ardhioevu ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, tangu 2002, lakini hadhi hiyo peke yake haizuii mtu kuchimba mfereji na kulimaliza dimbwi kabla ya wakati wake.

Ukikuta viota, hukaa vingi pamoja juu ya miti, ukubwa wa beseni la kufulia, na makelele ya makinda utayasikia kabla hujawaona wenyewe. Simama mbali. Wazazi wakiruka kwa hofu, mayai na vifaranga wanabaki juani, na kunguru au tai hawahitaji kualikwa. Manyara upande wa Mto wa Mbu unaweza kuwaona kutoka kwenye gari, dirisha likiwa wazi na injini imezimwa, na picha zinatoka vizuri tu.