Hannibal hakushinda Cannae kwa tembo

Mkuu, umeuliza kama kweli Hannibal, jemadari wa Carthage (dola ya Afrika Kaskazini), aliwavunja Warumi kule Cannae, Italia, kwa tembo, kama gemu inavyoonyesha. Hapana. Kuvuka nao milima ya Alps mwaka 218 KK ni kweli, ila karibu wote walikufa majira ya baridi yale yale, baada ya vita vya Trebia. Cannae ni 216 KK.

Kilichowamaliza Warumi pale ni mpangilio. Katikati aliweka Wagaul na Wahispania, wakawa wanarudi nyuma taratibu huku Warumi wakijazana kuwafuata. Askari wa miguu kutoka Afrika wakageuka na kuwabana kushoto na kulia, kisha wapanda farasi wa Hasdrubal (siyo yule mdogo wake Hannibal) wakaziba mgongoni. Hakuna pa kutokea.

Tembo wengi utawakuta Zama, 202 KK, kama 80 hivi, na huko ndiko aliposhindwa! Scipio, jemadari wa Roma, aliacha njia wazi kati ya vikosi vyake, tembo wengi wakapita humo. Wapanda farasi wa Numidia nao safari hii wengi walikuwa upande wa Roma, chini ya kiongozi wao Masinissa.

Ukicheza Carthage, dhahabu yako peleka kwenye farasi.