Simu Inapozimika Ikiwa na Asilimia 31

Kwa muda wa miezi mitatu niliilaumu chaja isiyo na kosa lolote, kumbe betri ya simu ndiyo iliyochakaa. Nilinunua nyingine mbili pamoja na waya mpya, hadi siku niliposimama dukani nikitaka kulipa kwa simu, nayo ikazimika ilhali ilikuwa ikionyesha asilimia 31. Nilipoichomeka kwenye umeme iliwaka papo hapo, ikasoma 28. Simu hiyo nilikuwa nimeitumia kwa takriban miaka mitatu.

Betri ya lithiamu inapozeeka hupungukiwa na mambo mawili, na wengi wetu hulitazama moja tu, yaani kiasi cha chaji inachoweza kuhifadhi. La pili ni uwezo wa kutoa umeme mwingi kwa mara moja, kwa sababu ukinzani wa ndani, yaani kizuizi kwa umeme unaopita ndani ya betri, huongezeka kadiri kemikali zake zinavyochakaa. Unapofungua kamera, au simu inapohangaika kutafuta mtandao hafifu, mahitaji ya umeme hupanda ghafla, volti hushuka, na simu hujizima hata kama chaji haijaisha. Kwa hiyo kuisha chaji haraka si ushahidi wa kutosha kwamba betri imechakaa, kwani programu moja tu inayofanya kazi kichinichini inaweza kuleta hali hiyo. Kuzimika chaji ingalipo ndiko kulikonishawishi.

Wenye iPhone wanaweza kutazama afya ya betri kwenye mipangilio. Apple hueleza kwamba betri za matoleo hadi iPhone 14 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya ujazo wa awali, yaani kiasi cha chaji zinachoweza kuhifadhi, baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Mzunguko si kila unapochomeka chaja: ukitumia asilimia 60 leo na 40 kesho, huo ni mmoja. Anayetumia asilimia 70 kila siku hufikisha 500 katika miaka miwili hivi. Joto huharakisha uchakavu, na mimi nilizoea kuiacha simu juu ya dashibodi ya gari katika jua la Dar es Salaam la mwezi Februari.

Kuvimba kwa betri ni jambo jingine kabisa. Kioo kikianza kuinuka, au simu ikiyumba juu ya meza iliyo sawa, izime, usiichaji, usiikandamize, na uipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

Betri ya kwanza niliyowekewa ilidumu miezi minne. Lebo yake ilidai ujazo mkubwa kuliko ile ya awali ilhali umbo lilikuwa lile lile, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Mara ya pili nilidai dhamana ya maandishi, nikaipiga picha lebo, nikakaa pale pale kwa fundi nikirekodi video kwa simu hiyo kwa nusu saa ili kuijaribu betri kabla ya kulipa. Tarehe ya kubadilishwa nimeiandika kwa kalamu ndani ya kava.