Faini Ipo, Choo Hakipo: Bwana Afya Anajibu

Barua za wiki hii nimezichagua kwa makusudi. Nyingi zinagusa jambo ninalolisema tangu nikiwa kazini na nitaendelea kulisema: mwananchi akiharibu afya ya umma anatozwa palepale, lakini ofisi iliyopaswa kumwekea choo, jalala na maji haitozwi na yeyote. Walioniuliza dawa ya vidonda vya tumbo waende kwa daktari. Bwana afya hukagua, haandiki dawa.

"Shikamoo Bwana Afya. Juzi nimedondosha ganda la ndizi stendi, vijana watatu wenye vizibao vya kung'aa wakanizingira. Walitaka elfu hamsini, tukapatana elfu ishirini, risiti hawakunipa. Je, ni halali?" (Mama, Mbagala)

Marahaba, mama. Kosa unalo. Ganda la ndizi ni taka, na sheria ndogo za halmashauri zinaruhusu faini ya papo kwa papo. Lakini hiyo elfu ishirini si faini. Faini haina kupatana bei. Kwa lugha ya sheria utaratibu huo huitwa kufifilisha kosa: unakiri kwa maandishi, unalipa, shauri halifiki mahakamani. Usipokiri, una haki ya kupelekwa mahakamani ukajitetee. Ukikiri, unapewa kumbukumbu namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na pesa inaingia kwenye mfuko wa umma. Anayekutaka umpe mkononi anakuibia, hata kama kizibao chake kimeandikwa "Usafi" kwa herufi kubwa. Mwombe kitambulisho, uliza jina la mwajiri wake, na usikubali kuongozwa nyuma ya vibanda.

Nyongeza ambayo hukuuliza. Mwezi uliopita nilitembea kwenye stendi moja ya jiji hili, kutoka lango la kuingilia mpaka wanapopanga foleni abiria wa mwisho. Nilikuta pipa moja la taka, limetoboka chini, na vijana wa vizibao saba. Halmashauri inayoajiri wakamataji saba na kuweka pipa moja inategemea uchafu uendelee ili mapato yaendelee. Naomba madiwani walitafakari hilo kabla ya kupitisha bajeti nyingine yenye kifungu cha makusanyo ya faini za usafi.

"Hivi kukojoa ukutani ni kosa kisheria?" (Wengi mno)

Ni kosa. Swali hili nimelijibu mwezi wa tatu, wa sita na wa nane. Someni majibu ya nyuma kabla ya kuandika. Ukuta huo huo kesho asubuhi kuna mtoto atauegemea akisubiri gari la shule.

"Bwana Afya, kwa nini kila kipindupindu kikiingia wa kwanza kufungiwa ni sisi mama lishe?" (Muuza chakula, Vingunguti)

Kwa sababu sufuria lako linaonekana na halina wakili. Dada yangu, nimewahi kufunga migahawa ya barabarani kwa mikono yangu, na baadhi ilistahili: ndoo moja ya kuoshea vyombo tangu asubuhi mpaka jioni, maji yamegeuka mchuzi. Ukiuza chakula, chemsha maji ya kunywa, chakula kiwe cha moto, weka ndoo yenye koki na sabuni ya kunawa. Hapo sina huruma na mtu.

Lakini tuseme ukweli kuhusu kipindupindu. Vimelea vyake hutoka kwenye kinyesi vikaingia kwenye maji, na kutoka kwenye maji vikaingia mdomoni. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliendelea mikoani, na kufikia mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 33,000 na vifo zaidi ya 500. Mikoa karibu yote iliguswa. Wali na maharage ya barabarani hayawezi kuzaa hesabu hiyo. Iliyozaa ni maji, na maji si mali ya mama lishe.

Nenda Tandale, Manzese au Keko mvua kubwa ikinyesha usiku, utasikia harufu kabla hujaona kitu. Ni watu wanatapisha vyoo. Mtu anatoboa ukuta wa shimo, mvua inabeba kinyesi mpaka kwenye mtaro, mtaro unajaa, na asubuhi watoto wanakanyaga wakienda shule. Chini ya ardhi kuna visima vifupi na mabomba yaliyopasuka. Huo ni ushenzi na nitauita hivyo. Niliwapeleka mahakamani waliofanya hivyo, na ningewapeleka tena leo.

Hata hivyo, kila nilipomhoji mtuhumiwa nilikutana na majibu yale yale. Gari la kunyonya majitaka halipiti kwenye kichochoro chake. Likifika barabarani, mpira haufiki shimoni. Ukifika, bei ya safari moja ni sawa na kodi ya chumba kwa mwezi, na mwenye nyumba hataki kuchangia kwa sababu yeye anakaa kwingine. Mpangaji anashtakiwa, mwenye nyumba anakula kodi, na aliyepima au kuacha kupima viwanja hivyo yuko ofisini. Kuna vikundi vya vijana wanaonyonya vyoo kwa pampu za mkono na kubeba kwa mikokoteni ya matairi matatu mpaka mahali pa kumwagia. Kazi yao ni halali na ni ya heshima. Halmashauri yenye nia ingewapa vifaa na ruzuku, ikapata kinyesi kilichofika kwenye bwawa la majitaka badala ya kwenye mtaro. Hilo lingepunguza wagonjwa kuliko kufunga vibanda mia.

Na onyo kwa wote: anayehara majimaji kama yaliyooshewa mchele, mpeni maji ya chumvichumvi (ORS) njiani huku mkimkimbiza kituoni. Msisubiri kupambazuke. Kipindupindu kinaua kwa saa chache, na kinatibika.

"Viroba vilipigwa marufuku 2017, mbona vijana wa kijiweni kwetu bado wanalewa asubuhi?" (Mzazi, Morogoro)

Mzazi mwenzangu, soma kilichopigwa marufuku. Waziri Mkuu alitangaza, na kuanzia 1 Machi 2017 viroba vikaondolewa. Lakini kanuni zilizotumika zilitungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na zilikataza kifungashio: ule mfuko mdogo wa plastiki. Pombe yenyewe haikuguswa. Ikamiminwa kwenye vichupa vidogo, bei ya mfukoni mwa kijana, na biashara ikaendelea. Nilisema wakati ule na wakubwa zangu walikereka: ukitibu ulevi kwa sheria ya taka, utabaki na walevi wasio na taka.

Sheria ya vileo tunayo tangu 1968, ina leseni na ina saa za kuuza. Duka linalouza pombe kali saa mbili asubuhi linajulikana na mwenyekiti wa mtaa, linajulikana na afisa biashara, na linajulikana na askari wa doria. Muulize afisa biashara ni leseni ngapi alizifuta mwaka huu kwa kukiuka saa. Muulize kwa barua, si kwa mdomo. Kijana anayelala mtaroni ninyi mnamwita mhuni. Aliyemuuzia mnamwita mfanyabiashara.

Na tahadhari kuhusu gongo na chupa zisizo na nembo: Mei 2014 nchini Kenya watu zaidi ya 80 walikufa ndani ya siku chache kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mtu akianza kuona ukungu baada ya kunywa, huo si ulevi wa kawaida. Hospitali, mara moja.

"Kuna vifo vya ajabu kata ya jirani. Zahanati hawasemi kitu. Nikituma kwenye kundi la WhatsApp nitakamatwa?" (Asiyetaka mkoa wake utajwe)

Unaweza kukamatwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na wewe bado hujui ulichokisikia ni kweli au la. Usitume majina ya marehemu, usitume sauti za watu wanaolia, usibatize ugonjwa jina. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, toa taarifa, andika saa uliyopiga. Huo ndio wajibu wako.

Wajibu wa serikali ni mkubwa kuliko wako, na hapa nitakaa kidogo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Ugonjwa unaoua ni tukio muhimu kuliko uzinduzi wowote wa mradi. Tumewahi kufanya vizuri: tarehe 21 Machi 2023 Marburg, homa ya virusi inayofanana na Ebola, ilitangazwa Kagera, hesabu zikatolewa, watu wa Bukoba wakaelezwa wafanye nini, na tarehe 2 Juni tukaambiwa imeisha baada ya wagonjwa tisa na vifo sita. Tumewahi kufanya vibaya pia. Hesabu za korona zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na zikabaki hapo kwa zaidi ya mwaka huku tukizika. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu Kagera. Wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazina Marburg. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa Biharamulo. Mlipuko ule ulipoisha Machi, wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, wote kumi walikuwa wamefariki.

Inawezekana sampuli za kwanza zilikuwa safi kweli. Mtaalamu mwaminifu angesema: tumepima hizi, hazina kitu, tunaendelea kupima, nyinyi msiguse maiti na msifiche wagonjwa. Sentensi hiyo ingetosha. Muuguzi wa zahanati akisikia "hakuna ugonjwa" anavua glavu. Anayetangaza hivyo kabla ya muda wake anapaswa kujibu mbele ya Bunge, kwa jina na cheo, kama vile wewe unavyoogopa kujibu polisi kwa ujumbe wa simu.

"Mdogo wangu amekamatwa saa nne usiku akitoka kibaruani. Kesi: uzururaji." (Kaka mtu, Temeke)

Nenda kituoni na barua ya mwajiri na barua ya mtendaji wa mtaa, omba dhamana, dhamana ni haki na haiuzwi. Makosa ya uzururaji yamo kwenye Kanuni ya Adhabu tangu enzi za mkoloni, aliyetaka Mwafrika asionekane mjini bila sababu. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika na nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Mpaka leo vijana wanabebwa kwenye karandinga. Wanaoandika barua kuunga mkono misako hii "kwa sababu wahuni wamezidi" nawaomba wanijibu: mhuni aliyemkaba mama yenu simu alikamatwa lini kwa kosa la uzururaji? Anayekaba ashitakiwe kwa kukaba.

"Baa ya jirani inapiga muziki mpaka saa kumi alfajiri, mtoto wangu hasomi." (Tabata)

Andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, na kwa afisa biashara, zote zigongwe muhuri wa kupokelewa. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu 2015, na Sheria ya Mazingira inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kudai mazingira safi, salama na yenye afya. Nyumba za ibada nazo zimo.

"Tunalipa ushuru wa soko kila siku, na choo tunalipa tena shilingi 300 kila tukiingia. Hakina maji, mlango umeng'oka. Tumuulize nani?" (Wafanyabiashara, Mwanza)

Swali hili ningependa kila soko liulize. Mwaka 1973 nilikuwa mtoto, na baba yangu alikuwa akikaa jioni na kikundi chake mbele ya redio kusikiliza masomo ya Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya. Watu wapatao milioni mbili walisoma kwa namna hiyo nchi nzima. Wiki moja baada ya somo la vyoo, wanaume wa mtaa wetu walianza kuchimba, na katibu wa tawi alichimba nao. Sijawahi kuona tena serikali na wananchi wakishika jembe moja kwa ajili ya choo. Siku hizi choo cha soko kimekuwa zabuni.

Kwa hiyo fuateni zabuni. Choo hicho kina mzabuni, mzabuni ana mkataba, na mkataba una kiasi anacholipa halmashauri na mambo aliyoahidi: maji, taa, milango, sabuni. Andikeni kwa mkurugenzi mkiomba nakala ya mkataba, mapato ya choo kwa mwaka uliopita, na kiasi cha ushuru wa soko kilichorudi sokoni kwa matengenezo. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka mjibiwe ndani ya siku 30. Msisaini peke yenu wawili. Sainini soko zima, mama ntilie, wachoma mahindi, wabeba mizigo. Diwani apewe nakala mbele ya mashahidi. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka Aprili, tafuteni jina la halmashauri yenu humo.

Mkijibiwa, nitumieni jibu. Siku 30 zikipita bila jibu, nitumieni barua yenu yenye muhuri wa tarehe ya kupokelewa, nami nitaichapisha hapa pamoja na jina la ofisi.